Siku moja maishani mwangu: Wilson, Keekorok na lita 132

Saa 11:30 alfajiri. Mimi ni rubani: hesabu ya mafuta kwanza, chai baadaye. Kutoka Wilson, uwanja mdogo wa ndege wa Nairobi, hadi Keekorok, kiwanja cha ndege ndani ya Masai Mara, ni kama maili 95 za baharini. Kwenda dakika 55. Kurudi tutapigwa na upepo wa mashariki usoni, naweka 65. Jumla dakika 120, yaani muda wa saa mbili. Cessna 172S hii, ndege ndogo ya injini moja, naihesabia lita 35 kwa saa: 70. Kuwasha injini na kutembea hadi njia ya kurukia, 5. Kupanda, 6. Foleni ya kutua Wilson, 9. Akiba ya kisheria mchana ni dakika 30. Mimi naweka saa nzima, 35. Jumla 125, na yote yatoke Nairobi, maana huko Keekorok sitegemei kuuziwa Avgas, petroli ya ndege.

Kwa nini nisijaze tu pomoni? Tangi zikijaa ni lita 200, kilo 144. Tuko watatu na mizigo kilo 20: tunapitiliza uzito wa kuruka kwa kilo 17, na Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyembamba na ndege hupanda kwa shida. Najaza hadi kwenye kibati kilicho ndani ya mdomo wa tangi, lita 66 kila bawa, jumla 132.

Saa 12:40 asubuhi. Lori la mafuta. Mita yake inasoma lita, kitabu cha ndege kinasema galoni za Marekani, lita 3.785 kila moja. Anayetumia galoni ya Kiingereza, 4.546, anajiandikia mafuta ambayo hayamo.

Nachota mafuta kidogo kwenye matundu yote 13 ya chini, kuona kama yana maji. Avgas ni samawati. Maji hujikusanya chini ya kikombe kama shanga. Kisha napanda ngazi na kijiti cha kupimia. Geji naitazama, lakini siiamini. Mpira wa kifuniko nao naupapasa: ukichakaa, hewa inayopita juu ya bawa hufyonza mafuta nje, na dalili yake ni michirizi ya samawati nyuma ya kifuniko.

Saa 2:20. Futi 10,500. Navuta kitufe chekundu cha miksa, kinachopunguza mafuta yanayochanganyika na hewa, taratibu hadi joto la moshi lifike kileleni, kisha nakirudisha mpaka lishuke nyuzi 50 za Farenhaiti. Ukisahau hili, akiba inaliwa kimyakimya.

Saa 3:10. Keekorok. Ardhi imeinama, kwa hiyo swichi ya kuchagua tangi naiweka LEFT (kushoto). Ikibaki BOTH (zote mbili), mafuta ya bawa la juu huhamia la chini na kumwagika. Bomba la hewa la tangi chini ya bawa nalichungulia pia, nyigu hupenda kujenga humo.

Saa 9:30 alasiri. Napima tena kwa kijiti, ndipo tunaruka. "Kapteni, tuzunguke kidogo juu ya Mto Mara?" Nina lita 7 za ziada, yaani dakika 12. Leo upepo umekaza, kwa hiyo hapana.

Saa 11:00 jioni. Wilson. Tumeruka dakika 123, kijiti kinaonyesha lita 46, nilitarajia 51 kwa kuwa foleni ya kutua haikuwepo. Nikitoa za kuwasha na kupanda, ni kama 37 kwa saa. Nafuta 35 kwenye daftari.