Magauni yangu, bibi yangu na vibanio saba

Kila niliyemwomba ushauri wa kupiga picha magauni ninayoshona aliniambia lilelile: kodi studio, tafuta msichana mrefu mwembamba. Nikatii. Nilibeba magauni sita ya kitani kutoka Tanga hadi Dar, nikalipa kama laki tano ukijumlisha na nauli, nikarudi na picha ambazo ungedhani ni za harusi. Kila kitu kinang'aa, kitani kimegeuka nailoni. Gauni nililolipenda kuliko yote lilivimba kiunoni, na pale studio hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kuliangalia gauni.

Hilo ndilo lililoniuma. Tangu nikijifunza ushonaji nimekuwa nikikusanya picha za matangazo ya nyumba kubwa za mitindo, na najua mwenye kamera ni mmoja tu kati ya wengi. Yupo mkurugenzi wa ubunifu, yupo anayevalisha, wa nywele, wa vipodozi. Mwaka 2015 Céline, nyumba ya mitindo ya Ufaransa, ikiwa chini ya mbunifu Phoebe Philo, ilimweka kwenye tangazo lake Joan Didion, mwandishi wa Marekani mwenye miaka 80. Mpiga picha alikuwa Juergen Teller. Nguo nyeusi, miwani mikubwa ya jua, basi. Dunia nzima iliizungumza picha ile, na nguvu yake ilianzia kwa aliyeamua nani akae mbele ya kamera.

Nikaenda kwa bibi yangu, Chumbageni.

"Mzee kama mimi? Watakucheka, mjukuu wangu."

"Hawatacheka, bibi."

"Haya. Lakini ushungi wangu siuvui."

Ushungi ukabaki, na bila huo picha zisingekuwa zile.

Mdogo wangu nilimpa kazi moja tu: gauni. Asiangalie uso, asiangalie kamera. Lilikuwa kubwa kwa bibi, akalikusanya mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, saba, kutoka shingoni hadi kiunoni. Mbele likakaa kama limeshonwa juu ya mwili wake! Wavalishaji wa Ulaya hufanya hivyohivyo, kwa klipu. Viatu vilikuwa vya kuazima, tukabandika selotepu chini ya soli visichubuke. Binamu yangu alipiga picha barazani, saa kumi jioni, kivulini, na shangazi akashika shuka jeupe upande wa pili lirudishe mwanga usoni. Pasi pigeni palepale, si nyumbani kabla ya kutoka, kitani hakisubiri.

Picha zilifika kama mia mbili. Nilibakiza tatu, na kuzichagua kulinichukua siku mbili, maana kila moja niliyoifuta ilikuwa ya bibi yangu.

Gharama? Soda, selotepu na nauli ya bajaji.

Mteja wa kwanza alikuwa mama wa makamo. Hakuuliza bei. Alisema, "Nishonee lile alilovaa bibi."