Kipindi cha simu kilipoanza kupata majibu

Nilikabidhiwa kipindi cha mambo ya mji katika redio moja hapa Mombasa wakati wasikilizaji wameshachoka nacho. Si kwamba walinyamaza. Simu zilimiminika tangu tunaingia hewani mpaka taarifa ya habari. Walichochoka ni kusema bila kujibiwa. Wa Mshomoroni analalamikia taka, wa Chaani barabara, wa Likoni feri. Mgeni wa studio anaitikia "tumelipokea, tunalishughulikia", tangazo linapita, na wiki ikigeuka yule yule wa Mshomoroni yuko kwenye laini tena.

Nilianza na daftari. Kabla simu haijaunganishwa studio, mwenzangu wa mitambo anauliza: uko mtaa gani, tatizo limeanza lini, umeshalipeleka wapi? Maswali mawili ya mwisho ndiyo yenye kazi. "Maji hakuna" si habari kwa mtu wa Mombasa. "Bomba letu limekauka tangu barabara ichimbwe, na jirani ng'ambo anapata" ni habari, maana hapo unajua pa kuanzia kuuliza.

Kisha nikabandika ukutani karatasi ya nani anabeba mzigo gani, nikifuata Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Taka, mitaro, masoko, taa za barabarani na zahanati ni kazi ya kaunti. Kivuko cha Likoni, ingawa Jedwali hilo linaweka feri chini ya kaunti, bado kiko mikononi mwa serikali kuu, na kwa sasa kinaendeshwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Barabara nazo zimegawanyika: nyingine za kaunti, nyingine za mamlaka za kitaifa. Kabla ya hapo MCA, yaani mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti, alikuwa akirushiwa maneno kwa sababu ya feri, na mwenye dhamana hasikii hata neno moja. Naamini nusu ya hasira za mji huu hupotea kwa kupelekwa mlango usio wake.

Maji ndiyo yaliyotufunza zaidi. Kisiwa hiki kimezungukwa na bahari, visima vingi ni vya chumvi, na maji matamu tunayotegemea yanatoka nje ya kaunti: Baricho kule Kilifi, chemchemi za Mzima huko Taita Taveta, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Wakala mmoja wa serikali kuu huyaleta kwa jumla, kampuni ya kaunti ikayasambaza mitaani. Kwa hiyo bomba likikauka Kisauni, swali la kwanza ni kama maji yalifika mjini, na la pili ni kama yalifika mtaani. Nilikuwa nikiwaalika watu wa pande hizi mbili kila mmoja siku yake. Nikaamua waje pamoja, meza moja, saa ile ile. Mama mmoja akapiga, sauti ya utu uzima, akasema: "Mwanangu, mie siulizi lini yatajaa. Niambie tu siku ya zamu yetu, niwache kukesha na ndoo." Studio nzima ilinyamaza. Tuliyokuwa tumeyaandaa, ya mabomba na fedha za miradi, niliyaweka kando, nikawaomba wageni siku za mgao mtaa kwa mtaa. Tangu hapo ratiba tunaisoma polepole, mara mbili, ili mwenye kalamu aandike na asiye na kalamu ashike kichwani.

Lililobaki gumu ni ofisi isiyokuja wala kupokea simu. Hapo nilishika Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Inampa kila raia haki ya kuomba habari kwa ofisi ya umma, halazimiki kueleza anaitakia nini, na ofisi ina siku 21 za kutoa uamuzi. Kama uhai au uhuru wa mtu uko hatarini, ni saa 48. Kimya kikizidi, unaweza kwenda Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Barua yetu ya kwanza ilihusu mtaro uliochimbwa kando ya soko ukaachwa wazi, masika yanakaribia, na hakuna bango la mradi. Tuliuliza mambo matatu: mkandarasi ni nani, kazi ni ya kiasi gani, inapaswa kuisha lini. Karani wa mapokezi aliirudisha, akataka iandikwe kwa Kiingereza. Nikamfungulia kifungu cha 8: maombi ni kwa Kiingereza au Kiswahili. Akasoma, akapiga muhuri, na nakala yangu ikapigwa pia. Hiyo nakala yenye muhuri usiondoke bila kuichukua, maana ndiyo inayoanza kuhesabu siku.

Jibu lilikuja, karatasi moja. Tulilisoma hewani lote, jina la mkandarasi na tarehe ya kumaliza. Wakazi wakaenda nalo kwa msimamizi wa kazi, na upande wa shule ukafunikwa kwa mifuniko ya zege.

Kuna mengine ya humu ndani ya studio. Tuligundua namba zile zile zinapiga kumsifu kiongozi yule yule, kwa hiyo aliyeongea juzi sasa anangoja wengine wapite. Anayemtuhumu mtu kwa jina tunamkata, na anayelalamikiwa tunampigia kabla ya kipindi, ili akose kusema hakuulizwa. Na wanawake walikuwa wachache mno. Si kwamba hawana la kusema; saa zetu ni saa za kupeleka watoto shule na kuuza mahamri. Tukaanza kupokea sauti zao kwa WhatsApp tangu usiku, tukazipa nafasi ya mwanzo wa kipindi. Taarifa zetu nzito za zahanati na maji zimetoka humo.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika bunge la kaunti kabla Aprili 30 haijapita, hivyo mwaka huu tulilipeleka daftari kwenye kikao cha kutoa maoni, likisomwa na wasikilizaji wenyewe, kila mtu la mtaa wake.

Mtaro upande wa soko bado uko wazi. Barua ya pili imeshaingia, safari hii imetiwa saini na wenye vibanda, na nakala yenye muhuri iko kwa mwenyekiti wao. Likija jibu tutalisoma, na lisipokuja tutasoma barua ya kwenda kwa Tume.