Nilivyorusha droni jirani na njia ya kurukia ndege, mnara ukijua kila nilichofanya

Karatasi ya kwanza niliyoipeleka kwenye mnara wa kuongozea ndege haikuwa fomu ya kibali. Ilikuwa ukurasa mmoja wenye jibu la swali nililojua wataniuliza: droni ikipoteza mawasiliano na rimoti itafanya nini, itapita wapi, na itakuwa imetua baada ya muda gani? Fomu nayo ilikuwamo mkobani, imejazwa na kupigwa mihuri. Lakini fomu humridhisha mtu wa ofisini. Aliyekaa mnarani ana ndege angani zenye watu ndani, na kwake mimi ni tatizo hadi nimwonyeshe vinginevyo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya upimaji: kupiga picha mifereji ya maji ya mvua na mabwawa yanayouzunguka uwanja wa ndege, ili wahandisi wapate ramani ya miinuko. Eneo lote liko ndani ya anga inayodhibitiwa na mnara. Mteja alikuwa na imani moja, kwamba ukiruka chini ya mita 120 huna ugomvi na mtu. Kauli hiyo ina chanzo chake. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha mita 120, yaani futi 400, kwa droni ndogo, huku ndege zinazoruka kwa kutegemea macho ya rubani zikitakiwa zisishuke chini ya futi 500, isipokuwa zinapopaa au kutua. Shida imo katika maneno hayo ya mwisho. Ndege inayokuja kutua hushuka kwa pembe ya nyuzi 3 hivi. Piga hesabu: ikibakiza kilomita 2 kugusa ardhi, iko mita 105 tu juu. Jirani na uwanja, basi, lile tabaka la kututenganisha, kati ya futi 400 na 500, halipo kabisa.

Wala sharti la kuomba ruhusa si jambo jipya. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, wa kimataifa kuhusu usafiri wa anga wa kiraia, katika ibara ya 8 ulikwisha kusema kuwa ndege isiyo na rubani hairuki juu ya nchi bila idhini maalumu, na kwamba serikali ihakikishe inadhibitiwa isihatarishe ndege za kiraia. Namna ninavyousoma mimi, mzigo ni wa mgeni anayeingia angani. Siwezi kumtegemea rubani wa ndege kubwa anitafute, na hata akinitafuta huenda asinione. Kwa mwendo wa noti 120 (kilomita 222 hivi kwa saa) anakata mita 62 kila sekunde. Akiiona droni akiwa mita 500, jambo ambalo kwa chombo cha upana wa nusu mita ni bahati, amebakiwa na sekunde 8. Mwongozo wa siku nyingi wa mamlaka ya anga ya Marekani unakadiria sekunde 12.5 tangu rubani aone kitu hadi ndege yake ianze kukikwepa. Nilimwonyesha mteja hesabu hiyo, na hoja ya mita 120 haikurudi tena mezani.

Mkuu wa zamu mnarani alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti, na maswali yake yalikuwa mafupi kuliko majibu yangu. Alisoma ukurasa wangu wote, kisha akaweka kidole kwenye tarakimu moja.

"Mwanangu, hizi mita 90 ni kutoka wapi?"

"Kutoka pale nilipoondokea, mama."

"Marubani wangu hawajui ulipoondokea."

Hapo ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko pengine popote, na sijutii. Droni husoma kimo chake kuanzia sifuri ya mahali ilipoinukia. Rubani na mwongoza ndege wanahesabu kwa futi kutoka usawa wa bahari, kwa presha ya hewa iliyotangazwa uwanjani saa hiyo. Kituo chetu cha kwanza cha kurushia kilikuwa juu ya kilima, mita 35 zaidi ya njia ya kurukia. Mita 90 za kwenye skrini yangu zilikuwa mita 125 kwa ndege inayotua. Tena kutoka kilimani ardhi inateremka kuelekea mabwawa, hivyo skrini inaendelea kuandika 90 wakati chini yako sasa kuna mita 120 na ushee. Kimo cha setilaiti nacho hakitoi suluhisho la moja kwa moja, kwa sababu GPS hupima kutoka umbo la dunia la kihesabu, ambalo linaweza kuachana na usawa wa bahari kwa makumi ya mita.

Nilichofanya ni kuandaa jedwali. Kwa kila kituo cha kurushia niliandika mwinuko wake kutoka usawa wa bahari, nikajumlisha kimo cha juu kabisa tutakachofika, nikageuza kuwa futi na kupandisha hadi mia inayofuata. Mnara haukupewa tarakimu nyingine yoyote. Hata simu ilipopigwa tulitaja jina la kituo na futi, basi. Mita zilibaki kwetu.

Swali la mawasiliano kukatika lilikuwa jepesi zaidi kwa sababu nilikuwa nimelifanyia kazi mapema. Droni nyingi zikipoteza rimoti hupanda hadi kimo kilichowekwa, kisha hurudi nyumbani kwa mstari ulionyooka. Kupanda ndiko kunakotisha: chombo kimenyamaza, na jambo lake la kwanza ni kujisogeza karibu na ndege. Tukaweka kimo cha kurudi kiwe chini ya kile tulichokubaliana na mnara, baada ya kuzunguka eneo na kupima mti na nguzo ndefu kuliko zote. Kwenye vipande ambavyo mstari wa kurudi ungekatiza mbele ya njia ya kurukia, tuliiamuru itue hapo hapo ilipo. Bora kupoteza droni bwawani. Na kwa ile hali mbaya zaidi, ya droni kutoroka bila kusikia chochote, tulikuwa na kadi ya kusomwa kwenye simu bila kufikiri: ilipoonekana mwisho, inaelekea upande gani, iko futi ngapi, betri imebaki dakika ngapi. Hicho cha mwisho ndicho mama yule alikipigia mstari, kwa kuwa kinamwambia anga itakuwa salama tena lini.

Halafu kulikuwa na suala la kushuka. Watu hudhani droni inadondoka ukitaka. Haidondoki, ukiishusha wima kwa kasi inaingia kwenye hewa iliyovurugwa na mapanga yake yenyewe na kuyumba. Yetu tuliipa mita 3 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka mita 90 ni nusu dakika kamili. Katika nusu dakika hiyo ndege ya noti 120 imeshakula karibu kilomita 2. Ndiyo maana tulikubaliana kwamba mnara utupigie ndege ikiwa bado maili 5 za anga, sawa na dakika mbili na nusu hivi. Neno la kushusha lilikuwa moja, "chini", na jibu letu moja, "chini tayari", ambalo tulilitoa droni ikiwa imegusa ardhi, si ikiwa njiani.

Kila droni ilikuwa na mrushaji na mtazamaji. Mtazamaji hakuruhusiwa kuangalia skrini hata kidogo. Kazi yake ilikuwa anga, na sikio kwenye redio ya kusikiliza masafa ya mnara. Wengi huona mtazamaji kuwa mshahara wa bure. Siku moja ilikuja helikopta ya wagonjwa, haikuwa kwenye ratiba, na helikopta haina haja ya kufuata njia ya kurukia, inakuja kutoka inakotaka. Mtazamaji alimsikia rubani wake akijitambulisha redioni, akasema "chini" kabla simu ya mnara haijalia. Simu ilipolia tukajibu "chini tayari", tukasubiri kivuli chake kipite, tukaendelea na kazi.

Kuhusu vifaa, tulikuwa na kipokezi cha mawimbi ya ADS-B, ambayo ndege huyatumia kujitangaza mahali zilipo. Ni kifaa kizuri na nisingeruka bila hicho, ila kinaonyesha zinazojitangaza tu. Ndege nyepesi za zamani na vitelezi, yaani ndege zisizo na injini, huweza kupita kimya. Kuna waliotushauri tufunge kitangazaji kwenye droni yenyewe. Marekani kwa kawaida huwakatalia warusha droni ndogo jambo hilo, na sababu inaeleweka: droni zikijaa kwenye masafa yale, ndege kubwa zitashindwa kusikiana. Ule utambulisho wa mbali wa droni, ambao sasa ni sharti katika nchi kadhaa, ni wa kumwezesha aliye ardhini kujua chombo ni cha nani. Haumsaidii rubani kukwepa.

Baada ya kila siku ya kazi nilituma mnarani taarifa fupi: saa tulizoruka, mara tulizoitwa chini, na muda tuliotumia kushuka. Baada ya muda waliacha kutuita kwa ndege zinazopaa upande mwingine wa uwanja, maana taarifa zenyewe ziliwaonyesha kuwa tukiitwa chini hatukawii kushuka.

Kipande kimoja hatukukirusha. Ni mfereji ulio chini kabisa ya mstari wa kutua, karibu na mwanzo wa njia ya kurukia. Mteja alikitaka, na kwenye karatasi kingewezekana kwa kuruka mita 30 kati ya ndege na ndege. Mimi nilikataa kabla hata ya kuuliza mnara, kwa sababu pale hakuna upande wa kukwepea: kushoto, kulia na juu ni kwa wengine, na hitilafu yoyote ingeishia mbele ya ndege. Wapimaji walikitembea kwa miguu na nguzo zao usiku, njia ya kurukia ikiwa imefungwa kwa matengenezo. Walichukua muda mrefu zaidi yetu, na vipimo vyao vikawa bora kuliko vya picha.