Siku moja maishani mwangu: fundi wa taa za utepe jijini Nairobi

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai huwa nayarudia mahesabu ya jana, kwa sababu kazi ya taa za utepe, yaani vitaa vidogo vya LED vilivyopangwa kwenye utepe mwembamba wa kugandisha, huharibika kwenye karatasi kabla haijaharibika darini. Sebule ninayokwenda kuishughulikia leo mtaani Kileleshwa ina dari ya jipsamu yenye ukingo wa kufichia taa, na ukingo huo una pande za mita 4.2 na 3.6, yaani mzunguko wa mita 15.6. Utepe wa rangi niliouchagua hutumia wati 14.4 kwa kila mita, hivyo wote ukiwaka mweupe kwa nguvu zake zote utahitaji wati 225 hivi. Nikiongeza asilimia 20, ili adapta kubwa ambayo sisi mafundi huiita pawa saplai isishinde ikichemka, napata wati 270, na ya dukani iliyo karibu na kiasi hicho ni ya wati 300. Nimependelea volti 24 badala ya 12 kwa kuwa, kwa wati zilezile, ampea hupungua nusu, na ampea zikipungua volti hazipotei sana njiani.

Saa 2:20 asubuhi. Jogoo Road ilikuwa imefunga kama kawaida, lakini nimefika Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya elektroniki katikati ya jiji, yakiwa yanafunguliwa. Silipii utepe ambao sijauona ukiwaka, na wauzaji wanaonifahamu hawaudhiki tena. Nimechukua roli nne za mita tano tano, pawa saplai, kidhibiti cha waifai cha kuziamuru taa kwa simu, na roli moja ya waya uliodaiwa kuwa wa milimita za mraba 1.5. Waya huo sikuukwangua kuutazama ndani, kwa kuwa nilikuwa na haraka.

Saa 4:00. Soja ameandika jina langu langoni, na kijana ninayemfundisha kazi amekwisha kuwasili na ngazi. Mwenye nyumba ametupokea kwa sharti moja.

"Fundi, sitaki zile nukta nukta kama za baa."

"Mama, taa yenyewe hutaiona kabisa. Utaona mwanga tu."

Ahadi hiyo si maneno matupu. Utepe ukigandishwa nyuma ya ukingo na kuelekezwa juu, macho ya aliyeketi kwenye kochi hupokea mwanga uliokwisha kugonga dari na kutawanyika. Inasaidia pia kwamba dari hii ilipakwa rangi nyeupe isiyong'aa, kwani rangi inayong'aa huwa kama kioo na ingezirudisha zile nukta moja baada ya nyingine.

Saa 4:40 hadi saa 7:15. Hapa ndipo siku inapokwenda. Vumbi la jipsamu ni adui wa gundi kuliko kitu kingine chochote, na taa nyingi nilizoitwa kuzirekebisha zilikuwa zinaning'inia kwa sababu aliyezifunga aliigandisha gundi kwenye unga. Tumepangusa ukingo kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye spiriti, tukafunga reli za alumini kwa skrubu ndipo tukaulaza utepe ndani yake. Reli hizo huongeza gharama na wateja hulalamika, ila alumini huufyonza ule joto unaozichosha taa mapema, nami sizipunguzii bei.

Pembeni kijana alitaka kuukunja utepe ubavu ili ufuate kona. Nilimzuia mkono. Utepe hukubali kupindwa taratibu kama ukurasa unaofunuliwa, lakini ukiupinda ubavu njia za shaba zilizo ndani hupasuka, na mpasuko huo huenda usionekane hadi baada ya mwezi. Dawa ni kuukata kwenye mstari uliochorwa, ambao kwa utepe huu huja kila baada ya sentimita 10, kisha kuunganisha vipande viwili kwa nyaya fupi nne. Nimemwonyesha jinsi ya kulehemu: kwanza tone dogo kwenye kila kijisahani cha shaba, kisha tone kwenye ncha ya waya, halafu kuvikutanisha kwa mguso mmoja wa sekunde mbili. Akikawia, kijisahani huambuka. Ameambua viwili, nami nilipojifunza niliambua vingi zaidi.

Saa 7:30. Chapati na ndengu kibandani, dakika ishirini.

Saa 9:00 alasiri. Tumeugawa mzunguko katika matawi mawili ya mita 7.8, yote yakianzia pembe iliyo juu ya televisheni na kukutana pembe ya mkabala, ili umeme usilazimike kusafiri mita 15 kwa mkupuo. Tulipowasha rangi nyeupe, hapo yalipokutana pakawa na aibu: tawi moja lilikuwa jeupe kama maziwa, la pili kama maziwa yaliyodondoshewa chai. Rangi ya namna hiyo kwa kawaida husema jambo moja: volti zimepungua. Taa za bluu na kijani huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu, hivyo volti zikishuka, hizo ndizo hufifia kwanza na weupe ukabaki na wekundu.

Nilipima kwa mita ya volti. Kwenye pawa saplai palikuwa na volti 24.1; juu darini, tawi zuri lilipokea 23.6 na tawi baya 22.6, kabla hata ya umeme kuingia kwenye utepe. Tawi zuri lilikuwa limefungwa kwa masalio ya waya wangu wa zamani, na baya kwa roli ya asubuhi. Niliukwangua ule mpya kwa kisu: nje ulikuwa na wekundu wa shaba, ndani mweupe wa alumini, na mwembamba kuliko ulivyoandikwa. Muuzaji nitamrudishia kesho. Leo nimemtuma kijana kwenye duka la vifaa lililo karibu, naye amerudi na waya wa shaba tupu. Saa moja ilipotea na faida yangu ikapungua.

Saa 11:10. Kidhibiti kilikataa kuungana na simu ya mama kwa sababu hupokea waifai ya gigahezi 2.4 pekee, ilhali simu ilikuwa kwenye ile ya 5. Nimezipa waifai hizo mbili majina tofauti. Kisha nimeingia kwenye mpangilio ambao mafundi wengi huusahau: taa zifanye nini umeme unaporudi baada ya kupotea. Ukiachwa kama ulivyotoka kiwandani, huenda sebule nzima ikawaka saa 9 usiku watu wakiwa wamelala. Nimeuweka ili taa zibaki zimezimwa.

Saa 12:45 jioni. Giza lilipoingia, mama alizima balbu, akawasha mwanga wa rangi ya moto wa kuni, akakaa kimya. Mwanawe aliomba zambarau. Malipo yameingia kwa M-Pesa nikiwa ningali nakunja ngazi.

Saa 2:10 usiku. Matatu ya abiria 14 kuelekea Umoja, dari yote ikimetameta bluu. Juu ya kiti cha dereva taa tatu zilizofuatana zimekufa huku nyingine zikiwaka. Taa za utepe wa volti 12 huunganishwa tatu tatu, na moja ikikatika huondoka na wenzake wawili. Nilikuwa nikikadiria ni kiasi gani kingetosha kukibadilisha kipande hicho, ndipo kondakta aliponigusa bega kudai nauli.