Zamu ya Usiku imefika wapi, na kwa nini imechelewa

Kila wiki kuna mtu ananitumia meseji "dada, sura ya tatu lini?", yaani ya Zamu ya Usiku, katuni yetu, na mimi nimekuwa najibu "karibuni" mpaka naona aibu, maana nyie mlinunua mbili za kwanza kwa hela zenu, wengine mlinifuata mpaka Mwenge kituoni kuchukua nakala kwenye mvua. Kwa hiyo leo nimekaa kueleza vizuri.

Kwa mgeni: mi naandika katuni, sichori. Hadi mama yangu ameniuliza mara kibao, "sasa mwanangu kama picha anachora mwenzio, wewe unafanya nini?" Nafanya hivi. Naandika skripti, ukurasa kwa ukurasa, paneli kwa paneli (yaani kila kisanduku cha picha), nani yuko mbele nani yuko nyuma, taa inatokea upande gani, mtu anasema nini, wapi anyamaze, na wapi msomaji afunue ukurasa ndo akutane na kitu. Halafu namtumia mchoraji wangu, yeye yuko Mbagala mi niko Sinza, tunaongea kwa voisi usiku wakati bando la usiku limeshaanza, na kuna paneli tumebishania siku tatu. Hiyo ndo kazi na naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Sasa Zamu ya Usiku. Ni mlinzi, mzee Idi, analinda ghorofa linalojengwa Kariakoo, mafundi wakishaondoka jioni anabaki yeye na jiko lake la mkaa, halafu saa nane usiku anasikia nyundo inagonga ghorofa ya sita ambako hata ngazi haijafika. Skripti ya sura ya tatu, kurasa 24, nilishaimaliza Februari. Nilikuwa nimeridhika nayo kabisa.

Ila kuna kitu kilikuwa kinanikereketa, nilikuwa sijawahi kukaa na mlinzi hata mmoja. Namuandika mtu ambaye namjua kwa kupita tu, jioni nikienda kupanda gari Gerezani. Basi siku moja nikabeba chai ya tangawizi kwenye chupa na chapati nne nikaenda kwa mzee mmoja anayelinda jengo mtaa wa nyuma kule, sitamtaja. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, nikamweleza, akacheka sana, akaniambia haya soma. Nikamsomea kwa sauti pale pale kwenye benchi. Mzee Idi anamulika tochi, mzee Idi anachungulia, mzee Idi anaangalia juu. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema:

"Mwanangu, huyu wako anaangalia sana. Ukiwasha tochi unaona pale unapomulika tu, pembeni kote unakuwa kipofu, na mwizi kashajua ulipo. Sisi usiku tunasikiliza."

Nikamuuliza anasikiliza nini. Jamani. Alinihesabia sauti pale kama mtu anayehesabu wanawe. Tanki la maji likijaa linavyobadilika mlio, paka kwenye bati anavyotua, upepo kwenye turubai, na kokoto. Akasema kokoto ndo zinazokwambia ukweli: mnyama akikanyaga kokoto anaendelea zake, hana habari, lakini mtu akikanyaga anasimama, anajua amekosea. "Kwa hiyo mi siogopi kokoto zikilia, naogopa zikinyamaza."

Nilirudi nyumbani nikaifuta sura ya tatu yote. Nimeiandika upya mara mbili, na ndo maana imechelewa, na sijutii.

Maana hapo ndo niligundua nilikuwa naacha utajiri wangu mwenyewe. Katuni haina sauti, sauti yote iko kwenye karatasi, inabidi uiandike, na kwa miaka nilikuwa naandika BOOM na CRASH kwa sababu ndo nilizoziona kwenye katuni za kutoka Marekani, wakati Kiswahili kina tanakali za sauti mpaka basi. Mtu hawezi kuanguka tu. Akianguka kwa kishindo ni pu, akianguka kwenye mchanga ni tifu, kwenye matope ni tapwi, kwenye maji ni chubwi. Angalia hiyo, neno moja tu na msomaji ameshajua ameangukia wapi kabla mchoraji hajachora ardhi! Tulifundishwa shuleni kwa ajili ya mtihani tukaziacha huko huko. Sasa hivi nina daftari zima la sauti, nikiwa kwenye daladala naandika, nikiwa jikoni naandika, kijiti kukatika kacha, mlango kufungwa ndi, na nyingine nazitunga mwenyewe kama kitu hakina neno lake, mfano ule mlio wa mlango wa daladala bovu unavyoburuzwa. Huo umenitesa wiki nzima.

Na hata kuziweka kwenye ukurasa ni vita nyingine. Fonti nyingi za katuni zimetengenezwa kwa Kiingereza, herufi I kubwa imewekewa vijiti juu na chini kwa sababu wao wanaitumia ikiwa peke yake kumaanisha "mimi", sisi hatuna hiyo kitu, kwa hiyo kila jina Idi likiandikwa I inatokea imevaa kofia na viatu wakati wenzake hawana. Sura ya kwanza tuliitoa hivyo hivyo hatukuona. Sasa hivi tunaandika Idi kwa i ndogo, ile fonti yenyewe inaitoa kama kubwa isiyo na vijiti, tatizo limeisha. Halafu ng' nayo, ile alama mara nyingine inatokea vibaya, nimeshakagua kurasa 48 kutafuta ng'o moja moja. Na maneno yetu ni marefu, "nisingekwambia" peke yake linakula kizima kile kiputo cha maneno ya mhusika, kwa hiyo najifunza kumfanya mtu aongee kidogo zaidi, mchoraji ananiambia dada punguza, nami napunguza mpaka naumia.

Mi nimekulia kwenye Sani za kaka yangu, lile gazeti la katuni la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, Sa na Ni ndo jina lenyewe, na kilichonishika utotoni sio michoro peke yake, ni vile wahusika wake Lodi Lofa na Komredi Kipepe walikuwa wanaongea kama watu ninaowasikia mtaani kwetu. Nataka mtoto wa Manzese akisoma mzee Idi asikie hivyo hivyo.

Kuhusu uchapaji nitasema kwa kifupi. Sura ya pili tulipeleka sehemu moja mjini, nakala 150, picha za usiku zote zikatoka giza totoro, nyuso hazionekani, na tulishalipa. Kwenye skrini rangi inawaka kwa mwanga, kwenye karatasi ni wino na wino unazama, usiku ndo unazama zaidi. Nililia siku ile. Sasa hatupeleki kitu kabla hatujaprinti ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ile ile, tukauangalia juani na ndani.

Cha pili kinachoendelea ni hadithi yangu nyingine, ya Jangwani, kule bonde la Msimbazi hapa Dar. Mafuriko ya Desemba 2011, mama yangu mdogo alikuwa anaishi bondeni, alitoka na mtoto mgongoni na redio, baadaye wakawa kati ya waliopelekwa Mabwepande kuanza upya porini kule. Nimeshamrekodi mara nne. Hii siiharakishi kabisa, kuna vitu anavisema halafu anakaa kimya muda mrefu, na ule ukimya nautafutia paneli zake. Sitaitoa mpaka aione yeye kwanza na aseme sawa.

Cha tatu, konda wa Ijumaa, ile katuni yetu fupi, bado yupo kwenye stetasi ya WhatsApp kila wiki, paneli nne, kila moja imesimama wima ili isomeke vizuri kwenye simu, na nimeomba picha ziwe nyepesi maana sio kila mtu ana bando la kuchezea. Mkiipenda muipeleke mbele, ila msikate jina la mchoraji pale chini, nawaomba sana, kuna watu wameshalikata na yeye ameumia.

Jana usiku saa sita na nusu imeingia PDF kutoka Mbagala, ukurasa wa 9 umeisha. Ni ule wa kokoto. Hauna neno hata moja, paneli sita, ni krak, krak, krak inatembea kutoka kushoto kwenda kulia inazidi kuwa kubwa, mzee Idi ameshika kikombe karibu na mdomo, na kwenye paneli ya sita hakuna sauti. Nimeuangalia sijui mara ngapi. Nimeuprinti leo asubuhi nikaupeleka Kariakoo kwa yule mzee, akauvuta karibu na macho, kidole chake kikapita juu ya paneli moja baada ya nyingine, kilipofika ya sita kikasimama.

"Huyo kashaingia," akasema.

Zimebaki kurasa 15.