Kabla ya Kwenda kwa Sheha

Watu wengi wa Pemba ninaowajua wanaweza kuieleza kero ya mtaani kwao kwa ufasaha mkubwa na kwa mpangilio: imeanza lini, imemuumiza nani, nani aliambiwa akanyamaza. Wanapokwama ni pale wanapoulizwa jambo hilo limekatazwa na nani. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasaidia majirani kuandika barua za malalamiko kwa Sheha, yaani kiongozi wa shehia, kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Baraza la Mji, na naamini kwamba barua nyingi hulala mezani kwa sababu mwandishi ameliingiza jambo lake lote ndani ya neno "tatizo", akamwachia msomaji kazi ya kubaini kama ni kosa la jinai, ni mgogoro wa madai, ni uvunjaji wa sheria ndogo, au ni tabia mbaya tu ambayo hakuna chombo kilichopewa mamlaka ya kuiadhibu. Ofisi zisizojali zipo, sikatai, lakini hata ofisi inayojali haiwezi kulishughulikia jambo ambalo halijui ni la nani.

Kwa kawaida husema "serikali imekataza" na tukatosheka. Lakini sheria ya Zanzibar huanza kama mswada, hujadiliwa na kupitishwa na Baraza la Wawakilishi, kisha hutiwa saini na Rais wa Zanzibar. Kanuni hutungwa na Waziri kwa uwezo aliopewa na sheria hiyo, na haiwezi kuvuka mipaka ya sheria iliyoizaa. Sheria ndogo hutungwa na serikali za mitaa, kama vile Baraza la Mji la Chake Chake, na nguvu zake huishia pale eneo la baraza hilo linapoishia. Makubaliano ya kijiji yako chini ya hizo zote, na juu ya zote iko Katiba ya Zanzibar ya 1984.

Kwetu sisi linaongezeka jambo jingine ambalo ndugu zetu wa Bara hawalazimiki kulifikiria kila siku. Polisi na uhamiaji ni mambo ya Muungano, lakini ardhi, mazingira na Mahkama Kuu ya Zanzibar si mambo ya Muungano. Mara kadhaa nimewaona vijana wamefungua simu zao na kumsomea Sheha vifungu vya sheria za ardhi za mwaka 1999 ili kutetea shamba la babu yao, wakati sheria hizo ni za Tanzania Bara na hazina nguvu hata shibiri moja ya ardhi ya Pemba. Huku tunatumia Sheria Namba 12 ya 1992, inayoitambua ardhi kuwa ni ya umma na kumpa mtu haki ya kuitumia. Kijana amesoma kwa bidii na amezungumza vizuri, lakini ametumia sheria isiyomhusu, na mpinzani wake mwenye wakili ataliona hilo mara moja.

Chukua mfano wa mchanga, ambao umezifanya shehia nyingi kubaki na mashimo yanayojaa maji wakati wa masika. Barua ya kwanza inayoletwa kwangu huwa inasema: "Sisi wananchi tunasikitishwa na uharibifu mkubwa unaoendelea katika eneo letu, na tunaiomba serikali ituonee huruma." Hakuna uongo ndani yake, ila hakuna pia jambo ambalo afisa anaweza kulifanya leo mchana. Mchanga, mawe na kifusi, ambavyo kwetu vinaitwa maliasili zisizorejesheka, havichimbwi kwa biashara bila ya kibali. Kwa hiyo huwa nawaomba waandike upya namna hii: mchanga unachimbwa upande wa chini wa njia iendayo skuli, gari huja baada ya sala ya Alfajiri na kuondoka kabla ya saa moja, wachimbaji waliulizwa kibali na hawakukionesha, tunaomba kibali hicho kikaguliwe, na kama hakipo, uchimbaji usimamishwe na aliyechimba awajibishwe. Pia nawaomba waelekeze nakala kwa mamlaka inayosimamia mazingira, kwa kuwa ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015, na waifute kabisa ile sentensi ya huruma. Mwananchi anayeomba sheria itekelezwe haombi fadhila, na ni vyema barua yake isimame wima tangu mstari wa mwanzo.

Msimu wa karafuu nao huleta mashauri yake. Mtoto anaingia shambani kuokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini, na akitoka kikapuni mna karafuu mbichi zilizokwanyuliwa mtini. Mwenye shamba anasema ameibiwa, mzazi anasema kuokota ni ada ya tangu na tangu, na wote wawili wana hoja, kwa sababu wanazungumzia mambo mawili: ruhusa ya kimila ya kuokota kilichoanguka, na kosa la wizi wa kilicho mtini. Hapo Sheha mwenye busara husuluhisha. Ugomvi wa mikarafuu yenyewe ni mgumu zaidi, maana kwa desturi yetu mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine, na mti huohuo ukawa umewekwa rehani kwa mtu wa tatu. Anayekwenda kulalamika ni lazima aseme anadai nini kati ya hivyo vitatu.

Mambo ya ndoa, talaka, matunzo ya watoto na mirathi kwa Waislamu yana njia yake iliyo wazi, nayo ni Mahkama ya Kadhi, inayofanya kazi chini ya Sheria Namba 9 ya 2017. Sitakaa hapo sana, kwa kuwa wanawake wetu wanaijua njia hiyo kuliko wanaume wanavyodhani. Nitakumbusha tu kwamba mwanamke aliyechangia mali iliyochumwa ndani ya ndoa anaweza kuyapeleka madai yake ya mgawanyo hapo kwa Kadhi, na kwamba atahitaji ushahidi wa mchango huo, hivyo stakabadhi za mbao na saruji zisitupwe.

Jambo linaloniumiza kuliko yote ni udhalilishaji wa wanawake na watoto, na humo ndimo kosa la jinai linapogeuzwa kuwa ugomvi wa nyumba mbili. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018 imeyataja makosa ya udhalilishaji na adhabu zake nzito. Hata hivyo, katika shehia zetu bado husikia watu wazima wenye heshima zao wakisema: "Tumeshalimaliza kifamilia." Wameketi ukumbini, wamenyweshana kahawa, aliyetenda ameomba radhi mbele ya wazee, pengine imetajwa posa, na mtoto aliyedhalilishwa hakuwemo katika kikao hicho wala hakuulizwa.

Kinachotushinda hapa ni muhali, yaani kuona vigumu kumkosea jamaa au jirani. Mama mmoja aliniambia maneno ambayo kila Mpemba atayaelewa bila kufafanuliwa: "Yule ni mtoto wa wifi yangu. Nikenda mahkamani, arusini tutakaaje jamvi moja?" Sikumdharau, na sitaki yeyote amdharau, kwa sababu muhali huohuo ndio unaotufanya tulishane, tuzikane na tusitupane. Lakini nilimweleza kwa upole kwamba kesi ile haikuwa yake. Mwenye mashtaka ni serikali, kupitia Mkurugenzi wa Mashtaka, na yeye mama alikuwa shahidi wa kile alichokiona na kukisikia. Familia haina mamlaka ya kuifuta kesi ya jinai; inachoweza kukifanya, na ndicho inachokifanya mara nyingi, ni kutofika mahkamani kutoa ushahidi mpaka kesi ikafa. Anayeelewa kwamba yeye ni shahidi hupata pia jibu la kumpa wifi yake: si mimi niliyemshitaki mwanao, nimeitwa na nimesema kweli.

Anayetaka kumsaidia mtoto aliyefanyiwa jambo hilo asianze kwa kuitisha kikao. Asimwogeshe, asizifue nguo zake, amfikishe siku hiyohiyo katika Kituo cha Mkono kwa Mkono (vituo hivyo vimewekwa hospitali, ikiwemo ya Chake Chake), ili daktari, polisi na mshauri nasaha wapatikane mahali pamoja. Sheha apewe taarifa, naye kazi yake ni kuifikisha mbele. Sheha hana uwezo wa kusuluhisha kosa la aina hiyo, na anayekubali kulisuluhisha anakwenda kinyume na dhamana aliyopewa. Nayasema haya nikijua kwamba masheha wengi wanaishi katikati ya jamaa zao, wanasali nao msikiti mmoja na kuvua nao dau moja, na shinikizo wanalolipata si dogo. Hata hivyo, mtoto naye ni wa shehia hiyohiyo.

Sheha husuluhisha ugomvi wa mpaka wa kiwanja, wa mbuzi aliyekula mihogo, wa muziki unaopigwa usiku wa manane karibu na nyumba yenye mgonjwa, na katika hayo suluhu ni bora kuliko mahkama, tena ni rahisi. Nimeshuhudia mzozo wa mbuzi ukimalizika kwa mihogo kupimwa, thamani yake kutajwa, na mwenye mbuzi kuahidi mbele ya mashahidi wawili kwamba atamfunga kamba. Iliandikwa karatasi, kila mmoja akatia saini yake na kuchukua nakala. Karatasi ile ni muhimu, maana ahadi ya mdomo husahauliwa mavuno yajayo.

Kuna pia kanuni ambazo watu wamezitunga wenyewe, na hizi zinastahili heshima kubwa zaidi ya ile tunayozipa. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wanakijiji walikubaliana kulifunga eneo la mwamba lisivuliwe pweza kwa miezi mitatu, kisha wakalifungua kwa siku maalumu wakati wa maji ya bamvua, yanapokupwa sana. Pweza hukua haraka sana, hivyo hata mapumziko mafupi humfanya awe na uzito mzuri, na kina mama wanaochokoa kwa miguu hupata pamoja na wenye vyombo. Kanuni hiyo ilishika kwa sababu wanaoitii ndio walioitunga.

Ugumu huja kwa wageni wa dago, wavuvi wanaopiga kambi kutoka vijiji vingine, ambao hawakuwemo katika kikao na hawakukubali lolote. Makubaliano ya kijiji humfunga aliyekubali. Ili yamfunge na mgeni, ni lazima yapitishwe na kamati ya wavuvi ya shehia, yaunganishwe na Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010 au na sheria ndogo, na yaandikwe kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo ataielewa: mipaka ya eneo itajwe kwa alama zinazoonekana baharini, tarehe ya kufunga na ya kufungua iwekwe wazi, ielezwe aliyekamatwa anapelekwa kwa nani, na faini ikilipwa inaingia katika mfuko upi na nani anatoa stakabadhi. Kijiji chochote kinachokusudia kufunga mwamba wake kiyajibu maswali hayo kwa maandishi kabla ya boya la kwanza kuwekwa, na nakala ibandikwe bandarini wanaposhukia wageni.