Nalipwa kwa soda na biriani

Kuna watu wakisaidia wenzao husema hawataki malipo, wamemwachia Mungu. Nawaheshimu. Mimi nataka. Nataka soda yangu na pakiti ya biskuti, nataka kusalimiwa na watu ambao majina yao nayajua nusu nusu, na kukiwa na harusi nataka nialikwe, tena nikae karibu na sinia. Ni miaka sasa natoa damu hapa Mombasa, na nikipiga hesabu vizuri naona aliyefaidika zaidi ni mimi, ukiwatoa wale walioongezewa.

Aliyeniingiza ni dereva wa tuktuk. Jina lake amekataa nisiliandike. Anasema watu wakishamjua wataanza kumletea kadi za michango, na yeye hata taa ya nyuma ya tuktuk yake bado hajaitengeneza. Mimi humwita Ami, kwa umri wake na kwa adabu. Yeye huniita fundi, maana kazi yangu ni cherehani: madera, buibui, mapazia, na ikifika Januari ni sare za shule mpaka macho yanauma. Ndiye anayenibebea majora ya vitambaa kutoka Biashara Street hadi Majengo, na njiani hafungi mdomo.

Steji yake iko nje ya hospitali. Kwa hiyo abiria wake wengi ni watu wenye karatasi mkononi: mgonjwa wao anahitaji damu, wakatafute watu waje watoe. "Wanipandia hawajui wendako," husema Ami. "Twende Kisauni kwa shemeji. Twafika, shemeji yuko Malindi. Haya, turudi Changamwe kwa binamu. Binamu ana presha. Twende Magongo, yule naye kilo hazijatimia. Jua lazama, mafuta yaniishia, na mgonjwa yuwangoja." Ukimuuliza kwa nini alianza kazi hii ya kutafuta watoaji damu usitegemee kisa cha kukutoa machozi. Hakufiwa na mtu kwa kukosa damu, wala hakuoteshwa ndoto. Alichoka kuzungushwa. Akanunua kauntabuku.

Daftari lenyewe nimelishika. Jalada ni jeusi, amelivika karatasi ya mkate ili lisilowe masika yakipiga. Ndani amepiga mistari kwa rula: jina, mtaa, grupu ya damu, simu, tarehe ya mwisho kutoa. Pambizoni ndiko kwenye uhondo. "Yuko Saudia." "Mjamzito." "Aogopa sindano lakini huja." "Usimpigie usiku, mkewe mkali." Mmoja ameandikiwa "kahamia Mtwapa, ana pikipiki", na hiyo pikipiki ameipigia mstari mara mbili, maana mtu mwenye usafiri wake hahitaji kufuatwa. Waliofariki hawafuti. Anaandika "Inna lillahi" au "Bwana ametwaa", kulingana na dini ya mtu, na namba ya simu anaiacha ilivyo.

Pesa hagusi. Kuna jamaa alimkunjia noti mkononi mgonjwa wake alipopona, akarudishiwa pale pale: "Mimi si dalali." Mafuta ukimwekea anapokea, hilo hafichi, na mimi naona ni haki yake, tuktuk haiendi kwa dua. Jambo jingine, hakuambii damu yako imekwenda kwa nani hata kama anajua. Nilimbembeleza siku moja, akanijibu huku akipinda kona ya Saba Saba: "Ukimjua utamdai salamu, fundi."

Siku aliponiuliza grupu yangu nilimjibu papo hapo: O hasi. Akakanyaga breki, akanigeukia kama mtu aliyeokota pesa.

Sisi wanawake tuliozaa wengi twajua grupu zetu kwa sababu zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Wanaume wengi hawajui mpaka wapasuliwe au wagongwe na gari. Ndiyo maana kurasa za mwanzo za daftari la Ami zimejaa wanawake, na ndiyo maana pia zimejaa alama za kukatwa, kwani ni sisi hao hao tunaorudishwa mlangoni kwa upungufu wa damu. Hedhi, uzazi, na ile tabia yetu ya kumgawia kila mtu nyama halafu mwenyewe ukabaki na mchuzi.

Kwangu mimi hiyo O hasi ilianza kwa kunitia hasara. Mimba ya kwanza, muuguzi alinieleza kwamba mama mwenye damu hasi akizaa mtoto mwenye damu chanya, mwili wake waweza kutengeneza kinga zitakazoshambulia damu ya mtoto atakayefuata, kwa hiyo ilibidi nidungwe sindano maalumu ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Kwa mfuko wetu sindano ile ilikuwa ghali, na mume wangu wakati huo alikuwa kibarua. Tuliuza friji. Mama mkwe naye akashika yake: mwanawe kaozwa mke mwenye kasoro. Hakusema kwa mdomo, alisema kwa namna alivyoniwekea chai.

Kasoro hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya Ami akanyage breki. Dharura ikitokea, damu ya O hasi anaweza kupewa mtu yeyote hata kabla grupu yake haijapimwa. Lakini mwenye O hasi akiumia yeye, hapokei nyingine ila O hasi. Sasa mtaona sikuanza kwa huruma. Nilianza kwa hofu. Nilitaka watu wa damu yangu wanijue kabla sijawahitaji.

Kwa ambao hamjawahi, shughuli yenyewe ni hivi. Unajaza fomu ya maswali, mengine ya kuona haya kidogo. Unapimwa presha na uzito. Halafu wanakudunga kidole, na tone moja la damu linadondoshwa kwenye kichupa chenye maji ya rangi ya samawati. Hapo ndipo moyo hunienda mbio. Tone likizama, damu ina wekundu wa kutosha. Likielea, rudi nyumbani ukale maini na mchicha. Mimi hulikodolea macho. Tone lasita juu, lajiviringa, lataka kunitia aibu mbele ya watu, halafu laenda chini moja kwa moja. Sikufurahi hivyo hata nilipopasi mtihani wa darasa la nane.

Kinachobaki ni chepesi. Mililita 450, unafumbata na kufumbua kiganja, mfuko wako unabembezwa na kimashine ili damu isigande, na ukitoka hapo unakalishwa chini upewe soda. Damu yenyewe hupimwa Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Mimi ni mwanamke niliyeachika, sina bima ya kujivunia, na siri ya kuijua afya yangu bila kutoa shilingi naihesabu kwenye malipo.

Nililohitaji zaidi lakini sikujua nalihitaji ni watu. Nilihamia Majengo ndoa ilipovunjika, nina cherehani na mtoto. Mtaa haukunijua. Mteja wa dera huja, akapimwa, akalipa nusu, akaenda zake. Sasa nikipita Mwembe Tayari nasikia "Mama O!" kutoka kwenye tuktuk ambayo hata sijaiona. Kuhitajika kwatamu jamani, tusidanganyane. Uko chumbani peke yako, usiku wa manane, simu inalia na mtu anakwambia, "Fundi, usiku huu ni wewe tu niliyempata." Usingizi ukikatwa namna hiyo hauudhi. Na mara moja nilipojipeleka mwenyewe kabla ya muda wangu, Ami alifunga daftari akaniambia nirudi kwenye cherehani. Mwanamke ni kila baada ya miezi minne, mwanaume mitatu, na yeye hutuhesabia wote.

Ukurasa wa O hasi haujajaa hata nusu. Kuna Mbohora, Muislamu wa asili ya Kihindi, mwenye duka la vyuma, konda wa matatu za Mtwapa, msichana wa chuo kutoka Taita, mwalimu wa madrasa wa Mji wa Kale, na mimi. Zamani ningeingia kwenye duka la yule Mbohora angeniuliza nataka misumari ya inchi ngapi, basi. Alipooza binti yake alitualika ukurasa mzima. Konda ni Mkristo wa Rabai, akaja na kanzu ya kuazima iliyomfika katikati ya muundi. Tulimcheka mpaka naye akajicheka. Wanaume na wanawake tulikaa mbalimbali. Upande wetu tuliizunguka sinia moja kubwa, na kabla ya chochote kila mmoja akaonjeshwa chumvi, ndiyo desturi yao. Mama wa bibi harusi, mwenyewe na dhahabu zake, akanichagulia kipande cha mbuzi kwenye biriani akaniwekea upande wangu. Niliondoka na oda tatu za kushona. Mnaona sasa ninaposema nalipwa.

Mwingine nimtaje ni mama mmoja wa Likoni ambaye mwanawe ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Huku Pwani ugonjwa huo uko mwingi, na sababu yake ni malaria: anayerithi chembe ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali, anayerithi kwa wote wawili ndiye anayeugua. Mtoto yule huongezewa damu mara kwa mara. Mama mwenyewe amejaribu kutoa, tone lake huelea kila likidondoshwa. Basi akaamua kuleta watu. Huwavusha feri kwa vikundi: kaka zake, wauza mihogo wenzake, hata mwenye nyumba wake, ambaye nasikia alikubali ili asiendelee kuombwa kila anapokuja kudai kodi. Nilimuuliza mama huyo haoni uchovu. Akaniambia kukaa kando ya kitanda mikono mitupu ndiko kunakochosha. Ana karibu kurasa mbili nzima kwenye daftari la Ami na hajawahi kutoa hata tone moja.

Sasa nina neno na wenye mabango. Tarehe 14 Juni ni Siku ya Wachangia Damu Duniani, siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, yule daktari wa Austria aliyegundua makundi ya damu mwaka 1901. Siku hiyo naona mahema, fulana mpya, waheshimiwa wamekunja mikono ya shati wakipigwa picha. Sikatai, damu ni damu. Lakini seli nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 35 hadi 42, kulingana na dawa iliyotiwa mfukoni, na zile chembe za kugandisha damu hukaa siku tano tu. Damu ya tarehe 14 Juni haiioni Agosti. Na Agosti ndipo shule zimefungwa, Desemba vilevile, ilhali wanafunzi ndio watoaji wakubwa wa damu nchini. Ramadhani nayo watu wamefunga, wanaogopa kizunguzungu. Hizo ndizo siku tuktuk ya Ami haipoi. Ramadhani huwapitia watu wake kuwakumbusha tangu mchana, akawafuata baada ya futari, mwingine bado anatafuna tende. Hakuna hema, hakuna kamera. Ningekuwa mwenye bajeti ya yale mabango ningeinunulia tuktuk ile matairi.

Ami anataka niandike jambo moja kabla sijafunga. Hana hata mtu mmoja wa AB hasi, na A hasi anao wawili, mmoja yuko Saudia. Ukiwa wewe ni mmojawapo huhitaji kumtafuta yeye. Kituo cha damu cha kanda kiko hapa hapa Mombasa, ingia mwenyewe. Uwe na umri wa miaka 16 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, usiwe mgonjwa, mjamzito wala unanyonyesha, na usiende na njaa. Mahamri manne na mbaazi yatosha. Kina mama, fukueni zile kadi za kliniki chini ya godoro. Kina baba, nendeni mkapimwe, mkishapewa majibu yaandikeni mahali, maana Ami anasema jibu la "nadhani mimi ni O" limemchosha.